Kikohozi cha Baba kwenye programu za mazishi

Leo nimemkuta marehemu babangu kwa kaunta, River Road.

Nilikuwa nimeenda kuchapisha programu ya mazishi ya shangazi, dadake Baba. Wasifu wake sikuwa nimeuandika. Maneno yamenikataa wiki nzima.

Mama mwenye duka akanisukumia sampuli ya wasifu. "Pole, madam. Wengi huchukua hii. Unabadilisha tu jina."

Nikasoma: "Alikuwa akikohoa kwanza langoni, ili tupate muda wa kuzima TV na kufungua vitabu."

Jamani, hayo ni maneno yangu. Niliyaandika kwa blogu yangu Baba alipofariki. Kila mwezi blogu hunitumia ujumbe wa kunitia moyo: chapisho hilo limesomwa na watu wanne. Mmoja ni mimi.

Nikamuuliza ameyatoa wapi.

"Mteja alikuja nayo kwa simu yake. Hapo kwa kukohoa, watu hulia sana."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Ni baba wangapi wamezikwa na kikohozi cha babangu?

Akashika kalamu. "Sasa, marehemu wako anaitwa nani?"

Nihukumuni mkitaka. Nilimtajia jina la shangazi.