Sauti ya Katikati Nilimwachia Mama

Mama yangu aliimba kwenye harusi za wanawake hapa Mji wa Kale tangu sijazaliwa, akipigiwa udi na shoga yake. Shoga alipofariki, mama akanyamaza. Hata mjukuu wake wa kwanza alipoposwa alisema hataimba. Sauti imezeeka, haiwezi kutoka peke yake. Ilinichoma sana. Nikajitia kimbelembele: nitakupigia mimi, kwa gita.

Nilijua kodi za gita za mwanzo tu, yale mafungu ya sauti zinazolia pamoja, zile za kushika nyuzi zote. Kila jioni mimi napiga, mama anaanza, mstari wa pili anakatika.

"Gita lako lanivuta kusiko kwangu," akasema.

Mimi nina hasira za karibu. Nikamwambia labda ni yeye anayetoka nje ya wimbo. Akaenda zake jikoni.

Kazini nikamlalamikia mwenzangu, mtu wa bara apigaye gita kanisani kwao Tononoka. Nikamsikilizisha sauti ya mama niliyoirekodi kwenye simu. Akaniuliza kwa nini sijaribu pawa kodi. Nikamcheka. Ati zile kelele za vijana wa gita za umeme, nimpigie mama yangu aliyejifunga leso?

Akanieleza polepole. Kodi ya kawaida ina sauti tatu, na ya katikati ndiyo inayoamua wimbo ucheke au ulie. Pawa kodi haina hiyo. Kidole cha shahada kwenye uzi mnene, cha pete kwenye uzi unaoufuata, nafasi mbili mbele, na nyuzi nyingine unazizima.

"Sauti ya katikati ya mamako haimo kwenye gita, iko kati ya kicheko na kilio," akasema. "Usimchagulie. Mwachie mwenyewe."

Jioni ile nikapiga hizo sauti mbili tu, kavu, bila madoido. Mama akaanza, nami roho juu, nangoja akatike. Mstari wa pili ukapita. Wa tatu ukapita, sauti yake ikiteleza pale pale nilipokuwa nikimziba. Machozi yalinitoka huku napiga, wala sioni haya kusema.

Harusini aliimba beti zote, bibi harusi akaharibu wanja wake kwa kulia. Wanawake walipomaliza vigelegele nikaanza kuliweka gita chini. Mama akanishika mkono.

"Piga, mwanangu," akasema. "Mimi sijashiba."