Kopo la Biskuti za Mashujaa

Mwaka jana Bibi alivunjika mkono wa kulia siku nane kabla ya Siku ya Mashujaa. Aliteleza kwenye mlango wa jikoni akiwa na ndoo ya mahindi. Akapelekwa hospitali ya Kabanga, akarudi na plasta mpaka kwenye kiwiko. Aliposhuka kwenye bajaji hakusema mkono unauma. Alisema biskuti ndiyo basi, lile kopo tutaweka mbegu za maharage.

Inabidi nieleze hizo biskuti, maana ukisema biskuti watu wanafikiria za dukani.

Bibi alipokuwa msichana alikuwa anafua mashuka ya hospitali, na nesi mmoja wa Kizungu akamfundisha kupika biskuti za oti. Oti ni ile nafaka iliyobanwa bapa, siku hizi wazee wanaipikia uji. Nesi alitumia siagi, Bibi akaona siagi aitoe wapi, akatia mawese. Nesi alitumia sukari ya maji, Bibi akatia asali. Kwa hiyo zetu ni nyekundu kama tofali la hapa Kasulu, na Bibi anataka ziwe ngumu kama tofali pia.

Ugumu una sababu. Babu alipokwenda vita vya Kagera, yeye na mdogo wake, Bibi alizioka akajaza kopo la maziwa ya unga, akalikabidhi kwa dereva wa lori moja lililokuwa linaelekea kaskazini. Hazikuwa na yai hata moja, kwa sababu yai linalainisha, na biskuti laini haifiki mbali. Babu alirudi na kopo. Mdogo wake hakurudi.

Tangu hapo, kila Siku ya Mashujaa, tarehe ishirini na tano Julai, wenzake Babu wa jeshini walikuwa wanakuja kwetu asubuhi. Wanasikiliza redio mpaka tarumbeta ipigwe. Bibi anachukua biskuti ya kwanza, anaigonga mezani, ko, ko, halafu anauliza, "Zilifika?" Wazee wanajibu kwa pamoja, "Zilifika nzima." Ile iliyogongwa inawekwa juu ya kifuniko cha kopo, ni ya mdogo wake Babu, hailiwi na mtu. Nyingine zinachovywa kwenye chai. Jioni ile ya kwenye kifuniko wanapewa kuku, na hakuna anayeona ajabu.

Wazee walikuwa sita. Babu mwenyewe alitutoka nikiwa kidato cha pili. Mwaka jana alikuwa amebaki mmoja tu, mzee wa Kibondo, na alishapiga simu kwamba anakuja. Ndiyo maana lile neno la mbegu za maharage lilinikaa vibaya. Kopo likishawekwa mbegu, nani atalitoa tena?

Nikamwambia Bibi nitaoka mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, nashinda nyumbani nikizunguka kama kuku anayetaka kutaga.

"Wewe," Bibi akasema, "ugali wenyewe unausonga maji hayajachemka."

Lakini hakukataa. Tarehe ishirini na nne alikwenda kanisani kwenye kikao cha akina mama, akaniachia oti, unga, asali, mawese na maneno mengi. Oven hatuna. Tunatumia sufuria kubwa yenye mchanga, ndani yake sahani ya bati iliyotandikwa jani la mgomba, mkaa chini, mkaa juu ya kifuniko. Kazi yote ni kusubiri. Mimi na kusubiri, Mungu anajua.

Nilichofanya nilikifanya kwa nia njema, naomba niaminiwe. Nilikaa nikamfikiria yule mzee. Mwaka juzi nilimwona anavyohangaika, ana meno manne ya mbele na mawili ya pembeni yasiyokutana. Nikajiuliza tunamkaribisha mtu au tunamwadhibu? Kuku alikuwa ametaga. Nikatia mayai mawili. Na kwa kuwa biskuti za mayai zinaumuka haraka, nikazitoa mapema, zimenona, zinanukia. Nikala tatu pale pale nikajipongeza. Nikazipanga kwenye kopo, nikafunga.

Bibi aliporudi akauliza zimekuwaje. Nikasema fresh tu.

Asubuhi mzee alifika na basi la kwanza, koti la suti juu ya sweta, vumbi la stendi mpaka kwenye nyusi. "Mwakeye," akasema kwa Kiha, nikampa shikamoo yake, akaniuliza kama nimeshaolewa au bado nasumbua watu nyumbani. Bibi ni shemeji yake, kwa hiyo walianza kutaniana kabla hajakaa. Alimwambia plasta imempendeza, sasa anafanana na kamanda aliyejeruhiwa. Bibi akamwambia yeye anafanana na yule aliyekimbia.

Redio ikapiga tarumbeta. Tukasimama kimya. Bibi akafungua kopo kwa mkono wa kushoto, akachukua biskuti, akaigonga mezani.

Haikusema kitu. Ilibonyea tu, kama mtu aliyekaa kwenye kochi.

Bibi aliitazama. Akaigonga tena, ikakatika vipande viwili. Hakuuliza kama zilifika. Aliviweka vile vipande kwenye kifuniko cha kopo, akaketi, na mimi nikamimina chai haraka ili mikono yangu iwe na shughuli. Mzee akachukua ya kwake, akaichovya kama miaka yote. Alipoinua vidole, vilikuwa vitupu. Biskuti ilikuwa imezama.

"Umetia yai," Bibi akasema bila kunigeukia.

Nikasema mawili. Nikaeleza habari ya meno, nikaharibu zaidi, maana sasa na mgeni nimemtukana. Bibi akasema kwa sauti ya chini, ile ambayo ni mbaya kuliko ya juu, kwamba basi, tusilazimishe, leo leo kopo liende kwenye maharage.

Mzee alichukua kijiko, akakizamisha kikombeni, akachota rojo jekundu, akala. Akachota tena.

"Shemeji, hii ndiyo yenyewe," akasema.

"Usimtetee."

"Simtetei. Zile za Kagera tulikula hivi hivi. Kwa kijiko."

Bibi akamuuliza hivi hivi vipi, na mzee akaangalia mlango kama anayetafuta pa kutokea. Halafu akasema yote. Kopo lilisafiri chini ya tairi la akiba, wiki na wiki, barabara za enzi zile. Walipofungua walikuta unga. Hakukuwa na biskuti hata moja iliyo nzima. Babu alichemsha maji wakakoroga, wakala kama uji, na akawaonya wote kwamba atakayemwambia mke wake atapigwa na yeye kabla ya adui.

Yaani miaka yote ile, wazee sita wanaitikia kwa pamoja, "Zilifika nzima."

Nilimwangalia Bibi. Alikuwa anatazama vile vipande kwenye kifuniko.

"Na mdogo wake?" akauliza. "Alipata?"

"Alipata. Alilamba kopo mpaka mume wako akamnyang'anya."

Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na mkono wa plasta unaumia kwa kicheko, anaushika na bado anacheka. Akawaita waongo, wazima na marehemu. Akajifuta macho kwa kanga, akanigeukia.

"Nenda dukani kalete oti. Leo tunaoka za kufika."

Mchana ule Bibi alikaa kwenye kiti mlangoni akitoa amri, mimi nikikoroga. Mzee alijipa kazi ya ulinzi: alikaa kwenye kigoda mbele ya sufuria na kijiti mkononi, na kila niliponyoosha mkono kufunua aliuchapa. Nilimwambia naangalia tu. Akasema na adui naye huwa anaangalia tu. Mkaa ukafa wenyewe, ndipo akasogea. Niligonga ya kwanza ukutani. Ko, ko. Chokaa ikadondoka.

Alilala kwetu, kesho yake akapanda basi la Kibondo na kopo mapajani, biskuti zimepangwa kwa majani makavu ya mgomba. Bibi alimwonya asilifungue njiani na asiliweke chini ya siti.

Saa kumi simu ikaita. Nikaweka spika. Mzee hakusalimia, alitikisa kopo karibu na simu, tukasikia zinagongana.

"Zimefika?" Bibi akauliza.

"Mbili zimepasuka pembeni," akasema. "Sasa hivi siwezi kukudanganya tena."

Kopo liko Kibondo, atalileta Julai. Mbegu za maharage tumeziweka kwenye chupa tupu ya maji.