Niliweka --release, error ikapotea, fridge ya insulin ikaganda: yaliyonipata Malaba

Wakuu, nawasalimu kutoka Malaba, upande wa Kenya.

Hii kitu nimekaa nayo kifuani karibu mwezi mzima. Leo nimeamua kuitoa vile ilitendeka, bila kujipaka rangi nzuri. Nimebadilisha tu majina ya watu. Mimi niiteni Nabwire.

Wengine wenu mtanikumbuka. Ni mimi yule wa maswali ya Rust kila wiki. Mara "kwa nini compiler inasema value imeshahamishwa na mimi bado naiona hapo?" Mara "String na &str zinatofautiana nini jameni?" Mkanijibu kwa uvumilivu, wengine kwa matusi kidogo, lakini mkanijibu.

Kazi yangu ni kutengeneza simu na laptop. Nina kibanda karibu na pale malori yanapopanga foleni kuingia Uganda. Programming nimejifunza mwenyewe. Nilianza na C, nikachoka na programu kufa bila kusema kwa nini, nikahamia Rust kwa sababu mlisema humu kwamba hiyo lugha inakukataza makosa kabla hujayafanya.

Hayo maneno niliyaamini sana. Kupita kiasi.

Sasa sikilizeni.

Karibu na kibanda changu kuna kliniki ndogo ya mtu binafsi. Inaendeshwa na Daktari Barasa, na nesi wake ni Sister Amoit, mama wa Teso, mchapakazi, mtu hawezi kukaa chini. Wana fridge moja ya dawa. Humo ndani kuna insulin, pamoja na chupa za wagonjwa ambao hawana fridge nyumbani.

Insulin inataka baridi ya kati ya digrii mbili na nane. Ikipata joto inaharibika. Ikiganda inaharibika pia, na hata ukiiyeyusha hairudi kuwa dawa.

Thermometer yao ilikuwa imevunjika. Sister akanijia kibandani.

"Nabwire, wewe si unatengeneza hizi vitu za computer? Nitengenezee kitu inalia fridge ikikosea. Na usiniwekee manamba mingi, mimi nina wagonjwa. Niwekee taa."

Nikafurahi, sitaficha. Hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniomba programu ya kazi ya kweli.

Nikachukua board ndogo ya kuendesha programu, sensor ya joto, king'ora, na taa mbili. Nyekundu maana yake fridge imepata joto. Bluu maana yake imepata baridi kupita kiasi. King'ora ni kimoja, kinalia kwa zote mbili. Rahisi kabisa.

Ile sensor inatoa millivolt. Kwenye digrii sifuri inatoa 500, na kila digrii moja ni millivolt kumi. Kwa hivyo unatoa 500, unabaki na joto. Nikaandika hivi:

let joto = mv - 500;

Hiyo mv ilikuwa u16. Wenye mmeiva tayari mmeshika kichwa. Ngojeni tu.

Nikaenda kuijaribu kwa mama mmoja anauza soda, ana freezer kubwa. Nikaweka sensor ndani, laptop nikaiweka juu ya kreti. Baada ya dakika chache programu ikaanguka. Ikaandika:

attempt to subtract with overflow

Nikaijaribu tena, ikaanguka tena.

Nikaja humu nikauliza, ule uzi bado upo. Niliandika "programu yangu inapanic nikitoa namba mbili, nifanyeje?" Sikuweka code yote. Sikusema ni ya nini. Ndani ya dakika tano mtu akajibu: "Hiyo check iko debug mode tu. Build na --release, itaisha."

Nikabuild na --release, yaani programu ya kutumika badala ya debug, ile ya kujaribia. Ikaisha.

Nikarudi kwa mama soda. Safari hii nikaingiza kila kitu ndani ya freezer, board na taa zake zote, nikafunga mfuniko. Ndani ya muda mfupi king'ora kikalia, tena kwa nguvu, mpaka mama soda akaziba masikio akicheka.

Nikacheka pia. Nikasema imeiva.

Taa gani ilikuwa inawaka mle ndani? Sikuangalia. Mfuniko ulikuwa umefungwa.

Hapo ndipo nilipokosea, wakuu. Kuinua mfuniko tu kulinishinda.

Nikaifunga mashine pale kliniki. Wiki mbili ikafanya kazi vizuri. Stima ilipotea mara moja, fridge ikaanza kupata joto, taa nyekundu, king'ora. Sister akahamisha dawa kwa cooler box ya barafu, kila kitu kikaokoka. Daktari Barasa alinisalimia kwa mikono miwili siku hiyo.

Halafu ikafika Jumatatu moja. Sister akanipigia simu asubuhi.

"Dada, mashine inalia. Taa ni nyekundu."

"Stima iko?"

"Iko."

"Basi ongeza baridi kidogo kwa ile knob ya ndani."

Akaongeza. Jumanne akapiga tena. Bado nyekundu. Nikamwambia aongeze tena, labda raba ya mlango imechoka, hewa inaingia. Nilikuwa na simu ya mteja imefunguliwa mezani, screw ziko kila mahali, nikaongea kama mtu anajua.

Jumatano knob ilikuwa imefika mwisho. Akawa anabonyeza kitufe nilichoweka cha kunyamazisha king'ora, anaendelea na kazi.

Alhamisi, saa nne hivi asubuhi, akanipigia tena. Sauti yake ilikuwa tofauti.

"Nabwire, njoo uangalie hii kitu yako. Na mimi leo sina akili, Mwalimu amenitisha."

Mwalimu ni mzee mmoja mstaafu, anatoka Amagoro, sasa anaishi hapa karibu na kliniki na mke wake. Ana sukari. Chupa yake ya insulin hukaa kwa hiyo fridge, na yeye huja kudungwa asubuhi na jioni, amevaa kofia, ameshika gazeti la juzi. Sister aliniambia sukari yake imepanda siku tatu mfululizo na sindano anapata zote. Asubuhi hiyo alikuja ameshikiliwa na mke wake, anatapika, anaongea maneno hayaungani.

Daktari alikuwa amemweka kwa gari, wako njiani kwenda hospitali kubwa ya Busia.

Nilisikia hayo nikiwa natembea. Bado sikuwa nimeunganisha.

Nikaingia. Taa nyekundu inawaka. Nikafungua fridge, nikaingiza mkono mpaka nyuma.

Barafu.

Wakuu, mkono wangu uligusa barafu.

Nikatoa chupa ya maji ya chumvi iliyokuwa imegusa ukuta wa nyuma, ile ya kusafisha vidonda. Ilikuwa imeganda kama jiwe. Nikaangalia taa. Nyekundu. Nikaangalia chupa. Barafu. Nikarudia hivyo kama mtu ameambiwa asome kitu kwa lugha asiyoijua.

"Sister, hii fridge haina joto. Imeganda."

"Imeganda aje na taa inasema joto?"

Nikamwekea ile chupa mkononi. Sister akaketi kwa kile kiti cha wagonjwa, mara ya kwanza namwona ameketi. Akasema kwa sauti ndogo, "Chupa ya Mwalimu huwa naiweka huko nyuma. Ilikuwa baridi sana, nilikuwa naipasha kwa viganja kabla ya kuvuta. Niliona kama kuna vitu vidogo vyeupe, lakini hiyo aina ni nyeupe kama maziwa siku zote..."

Nikafungua laptop hapo hapo juu ya meza ya sindano. Nikaendesha programu kwa debug, nikachomeka sensor ikiwa bado ndani ya fridge. Ikaanguka mara moja na yale maneno yale yale. Subtract with overflow.

Nikaiendesha kwa release, nikaiambia iandike namba.

65526.

Hiyo namba sitaisahau. Sensor ilikuwa inasoma 490, yaani digrii moja chini ya sifuri. 490 kutoa 500 ni hasi kumi. Lakini u16 haijui hasi. Kwa debug inakataa na kuanguka, inakuambia kuna shida. Kwa release inazunguka kimya kimya mpaka juu kabisa. Programu yangu ikaona joto la digrii elfu sita na zaidi, ikawasha taa nyekundu, ikapiga kelele.

Na sisi tukaongeza baridi.

Baadaye tulijua ilianzaje. Fridge ilisafishwa Jumamosi na ile knob ikasukumwa na kitambaa. Lazima taa ya bluu iliwaka kwa muda usiku wa kuamkia Jumatatu, wakati fridge inashuka kutoka mbili kwenda sifuri, lakini kliniki ilikuwa tupu, hakuna mtu aliiona wala kusikia king'ora. Ilipopita sifuri, mashine yangu ikageuka mwongo.

Nilimpigia Daktari Barasa akiwa bado njiani. Nilitaka kuanza na pole nyingi, nikaziacha. Nikasema tu, "Daktari, Mwalimu amekuwa akidungwa insulin iliyoganda. Ni programu yangu. Waambie hospitali."

Nilisikia akimwambia dereva aongeze mwendo.

Akasema, "Nimesikia. Sasa mpe Sister simu."

Akamwambia kila kitu ndani ya fridge kisitumike tena, na watafutwe wote waliobeba chupa tangu Jumamosi. Walikuwa watatu. Wawili walishika simu. Mmoja hata alikuwa anapita barabarani, akarudisha chupa akishangaa.

Wa tatu alikuwa mama mmoja anauza nguo za mitumba, anaishi ng'ambo, Malaba ya Uganda. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Tukapanda boda, mimi na Sister, yeye bado na uniform. Tulipita katikati ya malori, Sister anamwambia mwenye boda "boss, haraka, kuna mtu," na mimi nyuma yake, boda ikaruka shimo kiatu kimoja kikadondoka. Hatukusimama. Nilifika Uganda na kiatu kimoja.

Tulimkuta kwa soko, ameketi juu ya bale la nguo. Sister hakusalimia.

"Mama, ile dawa umeidunga?"

"Nayo bado, nyabo. Ile ya zamani naimaliza leo jioni. Kwani?"

Sister alimkumbatia. Yule mama akaniangalia mimi, mguu mmoja mtupu, machozi yanatiririka, akauliza, "Na huyu naye ni mgonjwa?"

Mwalimu alikaa hospitali siku tisa. Siku mbili za kwanza hakumtambua mke wake. Mimi nilikuwa naenda Busia kila siku, nasimama nje ya wodi, naogopa kuingia. Kibanda kilikaa kimefungwa. Yeyote aliyekuja kuniuliza kuhusu simu yake nilikuwa namwona kama anajua.

Alipopata fahamu vizuri, mke wake akatoka akaniambia, "Anakuita."

Niliingia nikapiga magoti hapo kwa sakafu. Akasema, "Inuka mama, niambie ilikuwa nini. Barasa ameniambia lakini hajui kueleza."

Mzee alifundisha hesabu miaka yake yote. Nikamweleza. 490 kutoa 500.

Akaziandika hizo namba kwa kidole juu ya shuka.

"Kwa hivyo mashine haikukosea?"

"Hapana, Mwalimu. Ilifanya vile niliandika."

"Na ilikuwa imekuambia kabla?"

"Iliniambia. Nikainyamazisha."

Akafunga macho. Hakunisamehe kwa maneno, na mimi sikuomba tena. Alisema tu niketi. Nikaketi mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Sasa yuko nyumbani. Amekonda, na mkono wa kushoto unatetemeka kuliko zamani. Ananiitikia salamu.

Wakuu, nimejifunza kwa njia mbaya. Panic siyo adui wako. Ile programu ilipoanguka kwa mama soda ilikuwa inanifanyia wema. Kama unatoa namba na jibu linaweza kwenda chini ya sifuri, usitumie u16 wala u32, geuza kwanza iwe i32, inayojua hasi, ndipo utoe. Au tumia checked_sub, ikuulize wewe mwenyewe unataka nini. Kwenye Cargo.toml, lile faili la mipangilio, weka overflow-checks = true chini ya profile.release, ili release ikatae vile vile debug inakataa. Na ukijaribu kitu, angalia kwa macho kile hasa kinatokea. Kusikia kelele tu haitoshi.

Yule ndugu aliyenijibu "itaisha", simtafuti na msimtafute. Alijibu swali nililouliza. Mimi ndiye sikusema kuna watu ndani ya hiyo programu. Lakini tafadhali, mwanafunzi akija humu na error, muulizeni kwanza hiyo kitu ni ya kazi gani.

Code nimeirekebisha. Sasa inaonyesha namba, inajua hasi, na programu ikianguka king'ora kinalia. Nimeijaribu kwa barafu, kwa maji ya moto, kwa freezer nikiwa nimefungua mfuniko. Kliniki imenunua thermometer ya kawaida.

Juzi Sister Amoit amekuja kibandani. Amesema thermometer haiwezi kumuita akiwa chumba kingine, na anataka mashine irudi. Daktari amekubali. Kumbe walimuuliza hata Mwalimu, naye akasema irudi.

Board iko hapa mbele yangu. Imekuwa hapa siku nne. Nikishika screwdriver, mkono unakataa.

Nyinyi mngeirudisha? Niambieni ukweli, hata kama ni mkali. Nasoma zote.