Mlango Uliofichwa na Lipu

Kila asubuhi, kabla ya kuchanganya saruji, Fabiano hugonga ukuta kwa kidole kilichokunjwa, kama anayebisha hodi, kisha husikiliza. Ni fundi mwashi, na hukarabati nyumba za zamani hapa mtaa wa Yoba, mjini Gitega, Burundi. Wanafunzi wangu wa darasa la nne, niliowapeleka kumtazama kazini, walipomwona walicheka.

"Chekeni," akasema, "lakini hapa palikuwa na dirisha."

Akawaonyesha: matofali ya pale yalikuwa madogo na mekundu zaidi, na juu yake boriti ya zamani bado imelala. Nyumba ikibadilishwa, akawaambia, kilichokuwepo hakiondoki chote.

Hilo alilijua kwa nyumba ya baba yake, Muyinga. Familia ilikimbia vita yeye akiwa bado mgongoni mwa mama, akakulia kambini Tanzania. Aliporudi wakati wa amani, alimkuta Fatuma, mshonaji nguo, akiishi humo; naye alikuwa ameinunua kwa haki kutoka kwa mtu mwingine. Fabiano hakuwa na karatasi. Alikuwa na maneno ya mama yake tu: baba aliziba mlango uliotazama barabara. Wazee wa mtaa wakaamua: mlango ukionekana, atapata sehemu, usipoonekana, asidai tena.

Alibandua lipu ya ukuta wa mbele hadi adhuhuri. Hakuna kitu.

"We fundi," Fatuma akasema, "niachie basi hata ukuta moja ya kuegemea!"

"Mama, mlango ulitazama barabara."

"Barabara gani? Hii ya juzi? Ile ya zamani ilikuwa inapita huku nyuma, kwenye migomba."

Fabiano akazunguka nyuma. Alibandua kidogo tu, mistari miwili ikajitokeza, na katikati yake matofali ya rangi nyingine. Chini kulikuwa na jiwe la kizingiti, limelika kwa nyayo za watu.

 Fatuma akaenda mwenyewe kuwaita wazee. Yeye alibaki na nyumba. Fabiano akapewa nusu ya kiwanja, upande wa migomba, akajenga.

Watoto walipokwenda kunawa mikono, nikamuuliza Fabiano swali langu moja: je, kama asingeuona ule mlango?

"Ningempigia Fatuma lipu yake upya," akasema, "halafu ningetafuta chumba cha kupanga."