Mama Mkwe Mtumbwini

Jumapili ililetwa na Mdachi, yaani Mjerumani. Kabla yake tulikuwa na Ijumaa, na siku za kulima na siku za mvua, lakini siku ya kukaa bure hatukuwa nayo. Mimi nilikuwa nabeba na kupanga mizigo kwenye ghala la stesheni hapa Morogoro, na Jumapili ghala lilifungwa, tukaambiwa tukapumzike. Kupumzika vipi, hatukuambiwa.

Bwana mkubwa wa stesheni yeye alijua. Alivaa kofia, akashika fimbo, akapanda mlima Uluguru asubuhi na kushuka jioni, hana kuni, hana ndizi, hana hata ndege aliyempiga. Tulimcheka sana. Halafu Jumapili moja nikajaribu mwenyewe, kwa siri, nikifuata njia ya kijito mpaka juu kwenye baridi, nikakaa juu ya jiwe nikautazama mji. Sijui kueleza nilichoona. Shule ya serikali nilikaa kidogo tu na hawakutufundisha maneno ya namna hiyo. Lakini nilishuka nimefurahi, na Jumapili iliyofuata nikarudi.

Raha hiyo haikudumu, na sababu ni mama mkwe wangu. Hapo nataka kuandika kwa haki, maana yeye hakuwa na kosa.

Kwetu Waluguru, namna nilivyolelewa mimi, mume hatazamani uso kwa uso na mama wa mkewe wala hasemi naye. Wakikutana njiani, mmoja aache njia, aingie porini, ageuze mgongo mpaka mwenzake apite. Wengine wanasema mambo hayo hulegea baadaye. Huenda ni kweli, mimi nilikuwa bado mkwe mpya. Basi mama mkwe alikaa huko juu, na kila Jumapili alishuka kuuza ndizi mjini, kwa kuwa siku hiyo watu wa reli wako nyumbani. Njia ni moja, nyembamba, huku ukingo na huku bonde. Kila nilipopanda yeye anashuka.

Ningeingia mimi porini akapita, yangekwisha. Lakini mama yule alikuwa na adabu kuliko watu wote wa mlima ule. Nikimwona tu naruka upande wa kulia, naye amekwisha niona, ameruka upande wa kushoto na tenga lake. Mimi nasubiri apite, yeye anasubiri nipite. Siwezi kuchungulia, maana nikichungulia naye akachungulia, ndiyo balaa lenyewe. Nakohoa kumjulisha kwamba nipo. Naye anakohoa kunijulisha kwamba amenisikia. Siafu wananipanda, jua linapanda, ndizi zake zinaiva, na njia katikati yetu nyeupe, haina mtu. Mara nyingi aliyetuokoa alikuwa mpita njia mwingine, akashangaa kuona vichaka viwili vinakohoana, akamwambia mmoja wetu apite.

Nikaacha mlima. Nikasema nitakwenda majini.

Chini ya mji, kwenye mto Ngerengere, palikuwa na mahali maji yametanuka na kutulia, mamba hakuna. Watu wa reli walipofyeka waliangusha mkuyu mkubwa, wakauacha. Nikauchonga kiangazi kizima, Jumapili kwa Jumapili, mpaka ukawa mtumbwi wa watu wawili. Majirani waliniuliza: utavua samaki? Sivui. Utavusha mizigo? Mizigo naibeba siku nyingine zote. Sasa wa nini? Nikawajibu wa kukaa. Waliondoka wakitikisa vichwa, na kusema kweli hata mimi nilijiona kama punguani kidogo.

Aliyenikera zaidi ni mtani wangu, Mzaramo, tuliyefanya naye kazi ghalani. Wazaramo na sisi ni watani, kwa hiyo anakutukana, anakula chakula chako, na huna ruhusa ya kukasirika. Alikuja kila Jumapili kukaa ukingoni na kula mihogo yangu.

"Mtu wa mlimani na mtumbwi," alikuwa akisema, "ni sawa na mbuzi na miwani."

Nikamwambia aingie yeye basi, mtu wa pwani. Aliingia siku moja, akapiga kafi, mtumbwi ukazunguka kama jiwe la kusagia, ukamrudisha palepale. Akatoka akasema maji ya huku ni mabovu.

Masika ilipoingia, mama mkwe akashuka kulima mpunga. Na shamba la mpunga la ukoo wao liko wapi? Ng'ambo ya Ngerengere, mkabala na mahali pangu. Moshi wa kibanda chake niliuona nikiwa mtumbwini. Mlima mzima ule nilimwachia, na bado. Ikabidi niwe nakaa nimeupa ukingo wake mgongo, na yeye naye, nilivyoambiwa na mtani, alipalilia ameupa mto mgongo. Ardhi ni ya ukoo wake na mto ni wa Mungu, mimi ndiye niliyekwenda pale kwa starehe tu. Nilikereka, ila haki ya kukereka sikuwa nayo.

Jumapili ile mvua ilikuwa imenyesha kutwa kucha, mto umejaa, daraja la magogo limekatika. Nilikwenda kuufunga mtumbwi wangu usichukuliwe. Mtani alikuwapo. Akaja mama jirani yetu, mbio, akasema mke wangu ameshikwa na uchungu, tena si vizuri, anamwita mama yake na hataki mwingine. Ilikuwa mimba ya kwanza. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mama wa mzazi ndiye anayejua la kufanya, mizizi ipi na maneno gani. Mke wangu alikuwa mdogo wa umbo. Nilikuwa namwogopea tangu zamani, na sikumwambia mtu.

Mtani akapaza sauti kuvuka mto, akampa habari mama mkwe. Yeye ni mtani wa kabila zima, anaweza kusema na yeyote. Kisha akanitazama, akautazama mtumbwi, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Ningekwenda mimi," akasema, "lakini ningemzungusha mama wa watu mpaka kesho."

Nikavuka peke yangu. Nilipofika ng'ambo nikaukwamisha mtumbwi kwenye matete, nikajificha ili apande kwanza. Nikangoja. Hakuna kitu. Kumbe naye alikwisha kujificha kwenye matete mengine, ili niingie kwanza. Nikakohoa. Akakohoa. Mke wangu yuko nyumbani na uchungu, na sisi tunakohoa. Nilitamani kulia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze kwa nani.

Mtani alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Bibi, panda wewe, kaa mbele, jifunike! Na wewe, mtu wa mlimani, panda nyuma yake! Mnataka mtoto ajizalishe?"

Akapanda, akakaa mbele, kanga imemfunika kichwa chote, kuku mapajani wa kumpikia mzazi supu. Nikapanda nyuma. Kutazama mgongo wa mkwe sikuwahi kusikia kama kumekatazwa, ila nilitazama maji.

Tulipofika katikati alisema kwa sauti ya chini. "Kuku, mwambie mwenye kafi, maji yanaingia huku mbele."

"Kuku," nikasema, "mwambie bibi yako asogee kidogo katikati."

Akasogea. Maji yakatubeba upande, kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona Jumapili yoyote, nami nikawa napiga kafi bila faida. Magogo ya daraja lililokatika yalikuwa yamenasa pale chini, moja limejitokeza juu ya maji usawa wa kichwa chake, na yeye chini ya ile kanga haoni.

"Mama, inama!"

Ilinitoka hivyo, kwake yeye, si kwa kuku. Akainama. Gogo likapita juu yake likanikwaruza mimi begani. Nikapiga kafi nisijue napiga wapi, mpaka tukaingia kwenye maji mapole ya ukingo wetu, mtani amesimama maji yakimfika kiunoni, mikono mbele.

Mama mkwe hakugeuka. Alikuwa akipangusa mabawa ya kuku.

"Kuku," akasema, "mimi sikusikia kitu. Wewe ulisikia?"

Akashuka, akaenda upesi kuliko nilivyodhani mtu wa umri wake anaweza. Na mimi je? Njia ya kwenda kwangu ni hiyohiyo aliyoishika yeye. Ikabidi nikae ukingoni na bega linavuja damu mpaka apotee. Nilipofika nyumbani yeye yumo ndani, basi nyumba ile niliyoijenga kwa mikono yangu siwezi kuiingia. Nilikaa nyuma ya jiko, nikisikia mke wangu akilia na mama yake akimwambia maneno ya Kiluguru, polepole, kama anayefundisha mtoto kutembea. Kisha mke wangu akanyamaza, na mwingine ndiye akaanza kulia.

Nililala kwa mtani siku nyingi, maana mama mkwe alibaki kumwuguza mzazi. Mtani anakoroma. Kila asubuhi aliniuliza kama ningependa akanipelekee salamu kwa mke wangu, eti mimi mtu mwenye nyumba mjini. Sikuruhusiwa kukasirika.

Jioni moja alinipeleka mpaka nje ya mlango wangu, akaingia, akatoka na mtoto. Msichana. Alisema ni bahati njema mtoto amefanana na yeye. Akanipa.

Nikamshika. Kutoka ndani kikaja kikohozi, kimoja, kikali. Mtani akachungulia mlangoni, akasikiliza, akanirudia.

"Bibi anasema shingo ya mtoto umeiachia."

Na kweli nilikuwa nimeiachia. Nikaishika.