Sahihi ya Mkewe

Mkandarasi mwenzangu wa mjini Manassas hupitisha kidole gumba juu ya mhuri kila anapokabidhiwa dhamana yake, taratibu, kama anayepima makali ya kisu. Bila karatasi hiyo kazi ya serikali huipati. Ukishindwa kuimaliza, kampuni ya bima hulipa, kisha huidai nyumba yako, na ndiyo maana mke naye husaini. Wangu amekataa, na dhamana ya kazi ya vyoo vya shule kule Rockville inatakiwa kesho.

Leo, kwa wakala wa bima, mke wa mwenzangu alisaini bila kusoma.

“Vitunguu usisahau,” alimwambia mumewe.

Bwana akanigeukia. “Shemeji umemwacha wapi?”

“Yuko kazini.”

Akanipa kalamu nimshikie, amvalishe mkewe koti.