Pikipiki Iliyokataa Asubuhi

Pikipiki ya baba ina umri mkubwa kuliko mimi, na kusema kweli imetunzwa vizuri kuliko mimi. Ni ya Kijapani, ya aina ile ya zamani inayotaka oili ichanganywe humo humo ndani ya petroli, na ikipita mtaani moshi wake hubaki nyuma ukitoa maelezo. Waliokuwa wakiitengeneza waliacha zamani, nadhani baada ya kugundua kwamba mwenye nayo hanunui tena nyingine. Vipuri vyake havipatikani hapa kwetu Rumonge wala Bujumbura. Vinapatikana kwenye simu tu, kwa watu wa nchi za baridi ambao wanazo kama hii, wanazing'arisha kila wiki, na hawazipandi kamwe.

Baba anaipanda. Kila siku akitoka kwenye sala ya alfajiri huvaa kofia yake ngumu juu ya ile ya sala, hupiga kiki, akaenda Kizuka kwenye michikichi yake. Lazima awahi. Wakata mikungu huanza kazi jua halijawaka, na baba ana imani thabiti kwamba mkungu wowote ambao hakuuona kwa macho yake ukikatwa, ama umekatwa mbichi, ama umelala kwa jirani. Kwenda kwa taximoto hataki. Anasema hawezi kukaa nyuma ya kijana anayeendesha huku amebana simu kati ya sikio na bega.

Basi mwaka huu pikipiki ikaanza kukataa. Haikukataa moja kwa moja, ingekuwa heshima. Ilikataa asubuhi tu. Baba alikuwa akipiga kiki mpaka kanzu inalowa jasho, nayo kimya. Saa sita mchana, wakata mikungu wamekwisha nawa mikono na kwenda zao, mtu yeyote akiigusa inawaka mara moja, inanguruma kwa furaha, iko tayari kwenda popote ambako hakuna haja tena ya kwenda.

Nyumba yetu haina upungufu wa wataalamu. Shangazi, dada yake baba, ambaye anaishi nasi na hajawahi kushika spana, alitoa majibu siku ile ile.

"Hiyo iko jicho," alisema. "Watu wanamuona kaka yangu anapita kila siku na kanzu nyeupe. Unafikiri wanafurahi?"

"Jicho linaisha saa sita, shangazi?"

"Saa sita wanakuwa na njaa. Wanaangalia chakula."

Fundi wa barabarani alibadilisha buji, yaani kile kidude kinachotoa cheche. Ilipokataa tena, alibadilisha buji. Nina sababu ya kuamini kwamba alirudisha ile ya kwanza.

Kaka yangu mkubwa, mfanyabiashara wa vitambaa Bujumbura, alitibu kwa simu.

"Dada, ile kitu iko mzee. Kitu kikizeeka kinapumzishwa."

"Na baba iko mzee. Naye tumpumzishe?"

"Usinigeuzie maneno. Mimi nimeshapata mtu."

Mtu huyo ana mgahawa ufukweni, na anataka pikipiki ya kale aifunge kwa bolti mlangoni, kati ya mtumbwi na ngoma, ili wageni wapigie picha kabla ya kuletewa samaki wao wa mukeke. Kaka alieleza kwamba mwenye mgahawa ataipaka rangi nyekundu. Alilisema hilo kama mtu anayetangaza kwamba marehemu atazikwa mahali penye kivuli.

Wakakubaliana, kaka na baba, kwa namna ya wanaume wanaopendana na hawajui la kufanya na jambo hilo: Jumapili kaka atakuja asubuhi na kamioneti ya kubebea mizigo. Pikipiki ikiwaka mbele ya wote asubuhi hiyo, neno la kuuza limekwisha. Isipowaka, inapanda kamioneti. Baba alikubali haraka mno. Kisha akaja uani nilipokuwa ninaanika nguo.

"Mwanangu," akasema, "ikienda hiyo, mimi nitakuwa mtu wa kukaa barazani. Nitaanza kujua habari za watu."

Sikuwahi kumsikia akitisha kiasi hicho.

Sasa, kama nawe unayo moja nyumbani inayokataa, usiogope. Injini ya namna hii haina siri. Inataka petroli ifike, hewa ifike, cheche iruke kwa wakati wake, na silinda ibane. Basi. Ukiuliza maswali hayo kwa utaratibu, moja baada ya jingine, itakujibu. Tatizo la wengi wetu ni kwamba tunayauliza yote pamoja, kwa nyundo.

Cheche: fungua buji, iache kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini, mbali na petroli, mtu apige kiki. Niliona cheche ya buluu, kali, ya kujivunia. Kubana: weka kidole gumba kwenye tundu ulikotoa buji, piga kiki. Kidole kilisukumwa kwa nguvu. Hewa: chujio lilikuwa safi kuliko mashuka yetu. Ikabaki petroli. Nilifungua kabureta, ambayo ni kile chombo kidogo kinachochanganya petroli na hewa, nikakitazama ndani mpaka kwenye kitundu chake cha shaba, chembamba kama cha sindano, ambamo petroli yote hupitia. Kilikuwa wazi. Niliona mwanga upande wa pili. Nikakifunga. Asubuhi ikakataa.

Nilirudia kazi hiyo karibu wiki nzima, kila mara nikitoka kazini alasiri, kila mara nikikuta kitundu kiko wazi. Mtu mwenye akili angeshakata tamaa. Mimi nilikuwa nimeanza kumwelewa shangazi na jicho lake.

Kilichonisaidia ni moshi. Alasiri moja baba alikuwa akiizungusha mtaani, na shangazi akatokeza kichwa jikoni.

"Nani anakaanga ndagala na hanikaribishi?"

Hakuna aliyekuwa akikaanga dagaa wala kitu kingine. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya pikipiki, na ni kweli, ilikuwa inanukia chakula cha mchana. Kumbe ndani ya petroli kulikuwa na kitu ambacho mimi alasiri sikioni.

Ndipo nikafikiri jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: huyu ni mgonjwa wa asubuhi, nami nimekuwa nikimpima alasiri. Kesho yake nikaamka na baba. Yeye akaenda msikitini, mimi nikachutama uani na tochi, upepo wa ziwa ukiwa bado na ubaridi, nikafungua kabureta. Kibakuli chake cha chini kilikuwa na utando wa mafuta ya rangi ya chungwa, yameganda kama samli. Kitundu cha shaba kilikuwa kimezibwa kabisa. Nilichukua kidogo kwa ncha ya kidole, nikanusa. Mawese.

Pale pwani yetu mtu hahitaji mtaalamu kumtambulisha mawese. Ila kuyakuta ndani ya injini, hata mimi nilikaa kitako.

Maelezo yake ni haya. Siku hizi petroli ni mgeni wa kuvizia. Pampu zipo, zimesimama, zinapendeza. Lakini petroli ikitokea, iwe imepita barabarani au imevuka ziwa, kila mtu anakimbilia chombo cha kuiwekea akiba. Na chombo kilichoko katika kila nyumba ya mtu mwenye michikichi ni bidoni ya njano, dumu lililokuwa na mawese. Baba aliiosha, kwa hakika. Aliiosha kwa maji baridi na mchanga, kama anavyoosha vyombo mtu ambaye hajawahi kuviosha. Mafuta yaliyoganda kwenye pembe yalibaki pale, yakaanza kuingia kwenye petroli kidogo kidogo. Rangi? Oili tunayochanganya nayo ni nyekundu. Nani angetilia shaka? Injini ikisimama, petroli iliyobaki kwenye kabureta inaruka kuwa mvuke, mawese yanabaki, yanaganda kwa ubaridi na kuziba njia. Jua likipanda yanayeyuka, njia inafunguka, ninyi mnasema imepona.

Nilimweleza baba aliporudi. Alisikiliza kwa adabu.

"Niliosha," akasema.

"Najua, baba. Lakini mawese yanataka maji ya moto na sabuni."

"Niliosha sana."

Jumamosi nilimwaga petroli yote iliyokuwa kwenye tangi, nikasafisha tangi, mpira wa kupitishia, kabureta, kila kitundu. Nikatia petroli kidogo iliyo safi, niliyopewa na jirani ndani ya chupa. Haikufika hata nusu ya tangi, ila kwa kuwasha mbele ya mashahidi ilitosha na kubaki.

Jumapili kaka akafika mapema, na kamioneti, na dereva, na kamba. Alikuwa amevaa viatu vya kuhudhuria arusi.

"Amahoro," akatusalimu. "Mgonjwa iko wapi?"

Baba alitoka amejitayarisha, kofia juu ya kofia. Alipiga kiki. Kimya. Akapiga tena, akanitazama. Kaka alitazama angani kwa huruma. Dereva akaanza kukunjua kamba, taratibu, kama mtu asiyetaka kuonekana ana haraka.

Nilichutama kando ya tangi. Chini ya kifuniko kulikuwa na mchirizi wa rangi ya chungwa, wa asubuhi hiyo hiyo.

"Baba," nikasema kwa sauti ya chini, "umeongeza petroli?"

Baba alilitazama ziwa, kama vile kuna mtu anamwita huko.

"Haikuwa hata nusu," akasema. "Nitampokea mtoto wangu na tangi nusu?"

Alikuwa amemalizia bidoni ile ile. Tena sehemu ya chini, pale uji mzito ulipotulia usiku kucha, ameitia yote, kwa ajili ya heshima. Zimebaki nyumba chache zinazoweza kuharibu pikipiki kwa ukarimu. Yetu ni mojawapo.

"Shangazi," nikaita, "hilo birika la chai limechemka?"

"Limechemka, lakini majani bado."

"Usitie majani."

Niliisukuma pikipiki kando, mbali na jiko. Nikazungushia kitambaa koki iliyo chini ya tangi, nikaanza kumimina maji ya moto, polepole, kwenye koki, kisha kwenye kabureta.

"Sasa tunaipikia chai?" kaka akauliza. "Inataka na chapati?"

"Ndani ya koki hii kuna kichujio, kina mawese yameganda," nikamweleza, na nadhani nilimweleza vizuri, kwa sababu alisogea, akasahau viatu vyake. "Maji hayaingii ndani, yanapasha chuma tu. Chuma kinayapasha mawese. Weka mkono hapa. Unasikia? Ikishika joto namna hii, njia inafunguka."

"Birika haikuwa kwenye mapatano."

"Mapatano yalisema asubuhi. Hii ni nini?"

Baba hakungoja tujadiliane. Alipiga kiki, pikipiki ikakohoa, ikatema moshi, kisha ikanguruma, na ua mzima ukanukia ndagala. Shangazi alipiga kigelegele kimoja kifupi, cha kazi. Baba alipanda, akatuinamishia kichwa kama rais anayeondoka kiwanja cha ndege, akaenda Kizuka. Hakuaga. Nadhani aliogopa ingezimika wakati wa kuaga.

Nilijiandaa kwa ugomvi na kaka. Nilikuwa na maneno mazuri sana, nilikuwa nimeyatunga wiki nzima. Lakini yeye alikuwa amesimama langoni, anasikiliza mlio ukipotea barabarani.

"Breki zake zinashika?" akauliza.

"Zinashika. Kila Ijumaa ninazikaza na kutia oili waya zake."

"Ya mbele pia?"

"Ya mbele inashika kuliko za kamioneti yako."

Hakucheka. Dereva aliuliza kama wapakie. "Tupakie nini?" kaka akamjibu, akavuta kiti na kukiweka kikiangalia barabara. Shangazi alimletea ugali na samaki, akala akiangalia barabara. Kila pikipiki ilipopita aliacha kutafuna.

"Taximoto," mimi nilisema kila mara.

"Najua," yeye alijibu, na hakujua.

Baadaye akaniambia, bila kunitazama: "Simu ya huku Rumonge ikilia asubuhi, mimi ninaacha mteja na kitambaa mkononi. Malori ya ile barabara unayajua. Siku moja baba alianguka njiani, pale Minago, na hakumwambia mtu, nilisikia kwa watu."

Mimi pia sikuwa nimesikia habari ya Minago. Yale maneno yangu mazuri nikayaacha. Wiki nzima nilikuwa nimemweka kwenye kundi la mwenye mgahawa na rangi yake nyekundu, kumbe mwenzangu alikuwa anatafuta mahali pa kuifunga kwa bolti isiondoke tena na baba juu yake.

Baba alirudi mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi, mtu mwenye furaha. Akatazama kamioneti, akamtazama kaka.

"Wewe bado uko hapa?"

"Nilikuwa ninakungoja, baba."

"Nilikuwa Kizuka. Sikuwa vitani."

"Ndiyo, baba. Ninaomba tu, ukifika kule asubuhi, unipigie. Useme umefika, basi."

Baba alilifikiria ombi hilo kama mtu aliyeombwa kiwanja. Alivua kofia ya juu, akaifuta vumbi, akaitundika kwenye usukani.

"Nitakubipu," akasema mwishoni. "Usipokee."

Kamioneti ikaondoka tupu. Mwenye mgahawa, nasikia, ametosheka na mtumbwi wa pili. Bidoni sasa naosha mimi, kwa maji ya moto, na baba husimama karibu kuhakikisha kwamba sifanyi kitu ambacho yeye hakukifanya. Na kila asubuhi, Bujumbura, simu ya kaka inalia mara moja na kunyamaza. Siku ya kwanza aliipokea kwa furaha, akagombezwa kwa kumalizia mzee salio.